Mto Unapokula Kiwanja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Moshi na Arusha

Haya ndiyo maswali yanayorudi kila masika kwa wanaoishi kando ya Karanga, Rau, Njoro, Weruweru, Kikafu na Himo upande wa Moshi, na kando ya Themi, Naura, Ngarenaro na Nduruma upande wa Arusha. Tumeyapa namba ili swali moja liweze kukuelekeza kwa jingine. Mwenye nyufa uani leo aanze na swali la 6.

## Mto wenyewe

1. Mto kula ukingo si ndiyo mafuriko yenyewe?

Hapana. Mafuriko huingia, hukaa saa au siku kadhaa, kisha hutoka na kukuachia tope. Mto ukila ukingo, kiwanja chenyewe ndicho kinachoondoka. Aliyefurikiwa anahitaji pa kulala kwa muda na ukarabati, lakini aliyeliwa kiwanja anahitaji pa kuishi moja kwa moja. Misaada ya maafa tuliyoizoea, yaani magodoro, unga na mahema, imepangwa kwa ajili ya yule wa kwanza. Wa pili mara nyingi hata kwenye orodha hayumo, kwa sababu siku ya tathmini nyumba yake bado imesimama, ingawa imebakiza mita nne.

2. Mbona ukingo huanguka mvua ikishakatika, jua likiwa linawaka?

Mto ukijaa, maji yake huusukuma ukingo na kuushikilia, kama mtu aliyeegemea ukuta unaotaka kuanguka. Wakati huohuo udongo unanyonya maji. Mto ukishuka ghafla, aliyeegemea ameondoka, lakini maji yaliyo ndani ya udongo hayajapata nafasi ya kutoka. Mita moja ya ujazo ya udongo mkavu ina kama tani 1.5, na ikilowa hukaribia tani 2. Kule chini nako mkondo ulishachimba mguu wa ukingo wakati wa kujaa. Mzigo umezidi na mguu umepungua. Ndiyo maana siku mbili tatu baada ya maji kushuka ni za hatari kuliko siku ya mvua yenyewe, na ndizo siku ambazo watu hurudi ndani kufagia tope.

3. Kwa nini upande wetu unaliwa na wa ng'ambo unaongezeka?

Mko upande wa nje wa kona. Mto unapopinda, maji hukimbia zaidi upande wa nje, na kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kukwangua huongezeka kama mara nne. Mchanga unaotoka kwenu hutupwa sehemu maji yanapopunguza mwendo, yaani upande wa ndani wa kona, kwenu au kona zinazofuata. Kona nayo haikai, husogea taratibu kufuata mteremko. Aliye mita 50 chini ya kona asijione salama kwa kuwa mwaka huu hajaguswa.

Mlima nao una mchango wake. Mito inayotoka upande wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, hufika Kahe na Mabogini ikiwa kwenye tambarare ya kama mita 700 tu juu ya usawa wa bahari. Huko juu mteremko ni mkali, kwa hiyo mto huchimba kwenda chini na kuta za korongo huanguka zenyewe. Huko bondeni mto huchoka, hutua mchanga, kitanda chake hupanda, na siku moja huacha njia ya zamani na kupita katikati ya mashamba. Wa juu hupoteza kiwanja kwa vipande, na wa chini anaweza kuamka mto umehama.

Udongo wetu wa volkano unadanganya pia. Ukiwa mkavu husimama wima kama ukuta wa tofali, mita tano au sita, na mtu huamini ni mwamba. Utazame kwa karibu wakati wa kiangazi: juu udongo mweusi, chini yake tabaka la majivu, kisha changarawe au mchanga usioshikana. Mto hauli ukuta wote. Unavuta lile tabaka la mchanga tu, na vilivyo juu hubaki vinaning'inia.

4. Tumekaa hapa miaka 30 bila shida. Kimebadilika nini?

Cha kwanza ni mabati na lami. Paa la mita 10 kwa 10 likipigwa na mvua ya milimita 50 humwaga lita 5,000. Nyumba 1,000 za namna hiyo juu yenu ni lita milioni 5, ambazo zamani sehemu kubwa ingezama kwenye migomba na sasa inafika mtoni yote kwa mkupuo.

Cha pili ni mchanga. Shimo linalochimbwa kitandani mwa mto halikai pale lilipochimbwa. Maji yanapotumbukia humo hukwangua ukingo wa juu wa shimo, na shimo hutembea kupanda mto. Kitanda kikishuka mita moja, ukingo uliokuwa na kimo cha mita nne unakuwa wa mita tano bila wewe kugusa kitu, na nguzo za daraja lililo juu huanza kuonyesha misingi.

Cha tatu ni kulima hadi mdomoni mwa mto, na mifongo (mifereji ya umwagiliaji) iliyoachwa. Mfongo usiosafishwa huziba majani, maji humwagika ukingoni kutoka juu, na ukingo unaliwa pande mbili. Huu wa mwisho ndio uharibifu rahisi kuzuia kuliko yote, maana unahitaji majembe na Jumamosi moja tu.

5. Nitajuaje mto unakula kwa kasi gani?

Pima. Usitegemee kumbukumbu, na usitegemee GPS ya simu, kwa sababu hukosea mita kadhaa na wewe unatafuta nusu mita.

Chukua vipande vitatu vya nondo ya milimita 12, kila kimoja sentimita 60. Vipigilie kwa mstari sambamba na ukingo, mita 10 kutoka ukingoni, vikiachana mita tano, na ubakize sentimita 10 juu zilizopakwa rangi. Kutoka kila nondo pima kwa utepe hadi ukingoni, kwa mwelekeo uleule kila mara. Andika daftarini tarehe na vipimo vyote vitatu. Rudia tarehe 1 ya kila mwezi, na siku ya tatu baada ya kila mto kujaa. Piga picha ukiwa umesimama mahali palepale, na fimbo ya mita mbili ionekane kwenye picha. Kwa miaka ya nyuma, Google Earth ina picha za zamani za setilaiti bila malipo. Pima kutoka kitu kisichosogea, kama kona ya shule au kanisa.

Kosa la kawaida ni kupima mahali pamoja tu, halafu kipande hichohicho kinakaa mwaka mzima bila kuguswa huku cha pembeni kinakwenda. Kosa jingine ni kuweka vigingi vya mti, ambavyo huishia jikoni.

Ukishapata kasi ya mwaka, tumia hesabu hii ya haraka: kimo cha ukingo mara mbili, jumlisha kasi ya mwaka mara miaka unayotaka nyumba idumu. Ukingo wa mita 6 unaoliwa mita 1.5 kwa mwaka, nyumba ya miaka 30: 12 + 45 = mita 57. Kasi ikiwa mita 3, jibu ni mita 102, na hapo hata mita 60 za kisheria (swali la 10) hazitoshi.

6. Dalili zipi zinasema tusilale humu leo?

Ufa uliolala sambamba na ukingo, hasa ukiwa umepinda miisho yake kuelekea mtoni. Upande wa mtoni wa ufa kushuka hata sentimita mbili. Mlango au dirisha lililokuwa linafunga vizuri na sasa linakwama. Uzio au nguzo kuinamia mtoni. Maji ya matope yanayotoka chini ya ukingo wakati mto umeshuka. Ya mwisho hiyo ni mbaya kuliko zote, kwa sababu ina maana udongo wa ndani unatoka.

Piga msumari kila upande wa ufa, kwenye vipande vya mti vilivyochomekwa ardhini, na upime katikati yake asubuhi na jioni. Ukiongezeka ndani ya siku moja, ondokeni. Na umbali wa nyumba hadi ukingoni ukishuka chini ya mara mbili ya kimo cha ukingo, watoto, wagonjwa na nyaraka visilale humo masika yote, kuwe na ufa kusiwe na ufa.

## Kuzuia

7. Vetiva (nyasi za kushika udongo) inasaidia kweli?

Inasaidia kwenye ukingo uliolazwa. Haisaidii kwenye ukuta wima ambao mguu wake unachimbwa. Kwanza chonga ukingo ulale, angalau mita mbili za ulalo kwa kila mita moja ya kimo. Panda miche kwa safu zinazokata mteremko, mche hadi mche sentimita 10 hadi 15, na safu hadi safu mita moja ya kimo. Panda vuli inapoanza, si katikati ya masika, ili mizizi ishike kabla maji makubwa hayajaja. Pengo la sentimita 40 kwenye safu ni mlango: maji yote hupita hapo.

Chini kabisa, panapoguswa na maji kila siku, mabingobingo na mianzi hushika vizuri zaidi. Mikuyu na miti mingine ya asili ya mtoni iachwe. Mikaratusi mirefu mdomoni mwa ukingo iondolewe. Upepo huitikisa, na mmoja ukianguka hung'oka na udongo wa ukubwa wa chumba. Kata shina, ila kisiki usikichimbue.

8. Viroba vya mchanga na gabioni je?

Viroba ni vya kukupa nafasi ya wiki chache. Jaza nusu hadi theluthi mbili ili vilale bapa na kushikana, vipange kama tofali, na upana wa chini uwe mara tatu ya kimo. Jua hula mifuko hiyo ndani ya miezi, halafu mchanga unaondoka.

Gabioni, yaani masanduku ya waya yaliyojazwa mawe, hudumu ikijengwa sawasawa. La kawaida ni mita 2 × 1 × 1, na likijaa lina zaidi ya tani 3. Uzito huo hauliokoi likisimamishwa juu ya mchanga. Karibu gabioni zote zilizoanguka tulizoona zimekufa kwa mojawapo ya mambo matatu. Msingi haukushuka chini ya pale mto unapofika kuchimba wakati wa kujaa. Au nyuma hakukuwekwa kitambaa cha kuchuja, udongo ukapita kati ya mawe na ukuta ukabaki mbele ya pango. Au miisho haikuingizwa ndani ya ukingo, mto ukazunguka kwa pembeni na kuuacha ukuta katikati ya maji kama kisiwa.

Kazi yoyote ndani ya mto au kwenye kingo zake inahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako hapa Moshi.

9. Jirani wa ng'ambo amejenga ukuta na sasa mto unatuchapa sisi. Tufanyeje?

Kwanza onyesha kwa vipimo vya swali la 5 kwamba kasi imebadilika baada ya ukuta, siyo kabla. Kisha andikeni Bodi ya Bonde na ofisi ya mazingira ya halmashauri, mkiuliza kama ukuta una kibali. Msijenge wenu kujibu. Kuta mbili zinazotazamana huubana mto, kasi inapanda, na anayelipia ni wa tatu, aliye chini yenu.

## Mita 60, fidia na barua

10. Mita 60 zinapimwa kutoka wapi, na mto ukisogea inakuwaje?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo ina katazo la namna hiyo. Kinachotajwa ni ukingo, na ukingo unatembea. Aliyejenga mita 75 miaka 20 iliyopita anaweza leo kuwa mita 40 bila kuhamisha tofali.

Kwa hiyo linda ushahidi wa tarehe: ramani ya upimaji, kibali cha ujenzi, stakabadhi za kodi ya ardhi, picha za setilaiti. Kuna tofauti kubwa kati ya "alivamia mto" na "mto ulimfuata", na karatasi ndizo zinazoitetea tofauti hiyo.

11. Mto ukila kiwanja changu, Serikali inanilipa fidia?

Tuseme wazi, maana wengi wamepoteza miaka wakisubiri. Fidia ya ardhi hulipwa pale ardhi inapotwaliwa na mamlaka. Mto ukiichukua wenyewe, unachoweza kupata ni msaada wa maafa, na pengine kiwanja, lakini huo ni uamuzi wa Serikali. Si deni.

Kuna njia moja inayobadilisha hali hiyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 7, inampa Waziri uwezo wa kutangaza eneo kuwa ardhi hatarishi. Tangazo rasmi likitoka, aliyekuwa akikaa pale kihalali, kwa hati au kwa mila, anahesabika kuwa haki yake imetwaliwa na anaweza kudai fidia. Afisa kusimama na kipaza sauti akisema "hameni" si tangazo hilo. Ukipewa amri ya kuhama, omba iwe ya maandishi, na uliza imetolewa chini ya kifungu gani.

12. Fidia ikilipwa, inahesabu nini?

Kanuni za mwaka 2001 zinataja thamani ya ardhi na maendelezo (nyumba, choo, kisima, kahawa na migomba kwa shina), posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, kodi ya nyumba kwa bei ya soko kwa miezi 36, na faida halisi ya biashara kwa miezi 36. Mthamini akipita, tembea naye. Vitu vinavyosahaulika ni vya nyuma ya nyumba: shimo la choo, banda la ng'ombe wa ndani, tangi, uzio wa miti, masale (mimea ya kuonyesha mpaka). Usisaini fomu yenye nafasi zilizo wazi. Ipige picha kabla haijaondoka mkononi mwako.

13. Tuanzie ofisi gani?

Mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, kisha mtendaji, kisha kamati ya maafa ya wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hizi kuanzia chini. Nakala iende Bodi ya Bonde, na TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kama barabara au kalavati inahusika.

Barua iwe ya ukurasa mmoja: majina ya wakuu wa kaya, idadi ya watu, umbali wa kila nyumba kutoka ukingoni na tarehe ya kipimo, kasi ya mwaka, na ombi moja tu. Barua yenye maombi saba hujibiwa lile jepesi. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa na mrudi nayo.

## Kuhama

14. Tuhame lini?

Kwa kalenda ya huku, uamuzi ufanyike Desemba, ubomoaji Januari, na paa liwe limeezekwa upya kabla Machi haijaisha. Desemba ndiyo ukoo mzima uko nyumbani, wa Dar es Salaam na wa Mwanza, na ndio mwezi pekee ambao mjomba mwenye neno la mwisho hawezi kusema hakushirikishwa. Kikao cha Aprili kwa simu, mvua ikipiga, huishia kwenye michango ya hema.

15. Watu huenda wapi kwa kawaida?

Wachache huenda mbali. Wengi husogea mara ya kwanza ndani ya kiwanja kilekile, mita 20 nyuma. Mara ya pili kwa ndugu, mara ya tatu chumba cha kupanga, na ardhi ya kununua huja mwisho, fedha zikiwa zimekwisha kwenye zile hatua za mwanzo. Ukihesabu kwa swali la 5 kwamba mita 20 za nyuma zitaliwa ndani ya miaka kumi, usijenge hapo. Ruka hatua.

Mahali papya pakiwa mbali na kazi, watu hurudi. Baada ya mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, kaya za bonde la Msimbazi zilipewa viwanja Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji. Nauli ilikula kipato cha wauza mboga na vibarua, na baadhi wakarejea bondeni. Hanang, baada ya maporomoko ya tope ya Katesh ya tarehe 3 Desemba 2023, zilijengwa nyumba zaidi ya 100 huko Waret, wilaya ileile. Kwa mama anayeuza ndizi soko la Mbuyuni, swali la kwanza kuhusu kiwanja kipya ni nauli ya kwenda na kurudi ikizidishwa mara siku 26 za kazi kwa mwezi. Uzuri wa kiwanja ufuate baadaye.

16. Nikague nini kabla ya kununua kiwanja kipya?

Uliza wazee maji yalipita wapi, na uliza kwa jina la mahali. Nenda siku ya mvua. Tazama miti: safu ya mikuyu mahali pasipo na mto ni mto wa zamani. Chimba shimo la mita moja. Ukikutana na mchanga na kokoto za mviringo, mto ulishawahi kukaa hapo na unajua njia.

Kwenye ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Karatasi yenye mhuri wa mwenyekiti peke yake, bila muhtasari wa mkutano, ni tatizo ulilolinunua. Na hati iandikwe majina ya wanandoa wote wawili. Kuhama ni wakati ambapo ardhi ya familia hugeuka kimyakimya kuwa ya mtu mmoja.

17. Tutabomoaje bila kupoteza vifaa?

TANESCO wakate umeme na kuondoa mita ya LUKU kwanza, na MUWSA au AUWSA (mamlaka za maji za Moshi na Arusha) wafunge maji, maana bomba linalovuja ukingoni ni sawa na kuchimba. Kisha milango, madirisha na grili. Kisha mabati, ukianzia kofia na kushuka, kila bati lipewe namba kwa chaki ili matundu yalingane na kenchi mpya. Mbao za kenchi ng'oa misumari hapohapo, kwani zikishahama hakuna atakayerudi kuing'oa. Kuta za upande wa mtoni zisipigwe nyundo na mtu aliyesimama kati ya ukuta na mto.

Choo cha shimo kinyonywe au kimwagiwe chokaa na kufukiwa kabla mto haujakifikia. Walio chini yenu wanachota maji hayohayo.

18. Baba hataki kuondoka kihambani, kwenye shamba la ukoo. Makaburi yapo hapo.

Usianze na neno "kuhama". Anza na kulala: mzee alale kwa mwanawe aliye juu wakati wa masika, mchana arudi kihambani kwake. Wengi hukubali hilo, na baada ya misimu miwili uamuzi unakuwa umefanyika bila ugomvi. Chukueni machipukizi ya sale na ya migomba kutoka kihamba cha zamani na kuyapanda kipya. Wazee wanaelewa maana yake kuliko maelezo yetu yote.

Makaburi yahamishwe kwa kibali cha halmashauri, afisa afya akiwepo, na ukoo ukiwa umekubaliana kwa maandishi nani anabeba gharama. Fanyeni kiangazi. Kaburi likishafikiwa na ufa, wachimbaji wenyewe wako hatarini, na hapo ni bora kuacha.

19. Mimi ni mpangaji. Nahesabiwa?

Kwenye msaada wa maafa, ndiyo, kaya ni kaya. Kwenye fidia ya ardhi, hapana, ila biashara yako inaweza kudai faida iliyopotea (swali la 12). Hakikisha jina lako limo kwenye barua ya swali la 13. Wapangaji ndio wanaosahauliwa, kwa kuwa orodha huandaliwa na wenye nyumba.

## Kesi ngumu

20. Mto umehama na kuacha ardhi upande wa pili. Ni yangu?

Usiihesabu. Ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kipande kilichoibuka kiko ndani ya mita 60 kwa vyovyote vile. Bangladesh, ambako mito kama Padma na Jamuna hula vijiji vizima, sheria inampa aliyepoteza ardhi nafasi ya kuidai ikiibuka tena ndani ya miaka 30. Huku hakuna kanuni ya namna hiyo, na anayelima mchanga ulioibuka analima kwa msimu mmoja mmoja.

21. Mawe ya mpaka yametumbukia mtoni. Nimebaki na nini?

Kama kiwanja kilipimwa, majira (namba za mahali) ya kila jiwe yapo kwenye ramani ya upimaji, na mpima aliyesajiliwa anaweza kuonyesha yalipokuwa. Omba upimaji upya na hati ya eneo lililobaki, vinginevyo utaendelea kudaiwa kodi ya ardhi kwa mita za mraba ambazo sasa ni maji. Kama hakikupimwa, mpaka ni masale na majirani. Waitwe wote siku moja, muhtasari uandikwe na usainiwe mbele ya mwenyekiti, wakati sehemu fulani ya mpaka bado inaonekana.

22. Nyumba ilikuwa dhamana ya mkopo. Deni linaenda na mto?

Haliendi. Deni ni lako, dhamana ndiyo iliyopotea. Nenda benki kabla nyumba haijaanguka, ukiwa na daftari la vipimo na barua iliyogongwa mhuri, uombe kupangiwa upya marejesho. Soma mkataba wa bima iliyokatwa pamoja na mkopo. Nyingi hutaja moto na mafuriko, na kusogea kwa ardhi huwa kwenye orodha ya visivyolipwa.

23. Mto ulikuwa mpaka wa vijiji viwili, na sasa nyumba zetu ziko ng'ambo. Sisi ni wa kijiji gani?

Mpaka ni ule ulioandikwa kwenye cheti na ramani ya kijiji. Ramani ikionyesha majira, mto kuhama hakukuhamisha uraia wako wa kijiji. Ikisema tu "mtoni", ofisi ya ardhi ya wilaya ikutanishe halmashauri zote mbili. Hadi hapo endeleeni kupiga kura na kusajili wanafunzi kulekule kwa zamani, na msilipe michango mara mbili.

24. Wenyeji wa tunakohamia wanasema tunawamalizia maji na malisho.

Mara nyingi wana hoja. Kaya 40 zikichota ndoo 5 za lita 20 kila moja ni lita 4,000 kwa siku kutoka kisima kilichokuwa kinawatosha wao. Pelekeni ombi la kituo cha pili cha maji pamoja na ombi la viwanja, kwa barua moja na kwa majina ya pande zote mbili. Na njia ya ng'ombe kwenda mnyweshoni ichorwe kwenye ramani kabla viwanja havijagawiwa, kwa sababu kiwanja kikishawekewa msingi juu ya njia hiyo, kesi yake itakuwa ya baraza la ardhi.